Matembezi ya siku moja na watoto kutoka Copenhagen: pandeni treni ya pwani, msikae mjini tu

BintiMwambao

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Likizo ya kiangazi ikikaribia, maswali ni yale yale: dada anakuja na watoto, mjomba anapita na familia yake kutoka Hamburg, tuwapeleke wapi? Na wengi wetu tunawapeleka kulekule: Tivoli, sanamu ya nguva, picha pale Nyhavn, imeisha hiyo. Siku ya pili watoto wamechoka, mifuko ya wazazi imetoboka, na mgeni anarudi Mwanza akidhani Denmark ni maduka na baiskeli.

Mimi naishi huku na watoto, gari sina. Msimamo wangu ni huu: utamu wa Copenhagen kwa familia uko nje ya Copenhagen, na sehemu kubwa imejipanga kwenye reli moja, Kystbanen, inayofuata bahari kuelekea kaskazini hadi Helsingør. Kutoka kituo kikuu mpaka mwisho wa reli ni kama dakika 45. Njiani kuna Klampenborg, Rungsted Kyst na Humlebæk. Chagua kituo kimoja kwa siku. Kimoja tu. Watoto hawataki orodha ya vivutio, wanataka muda wa kuokota vijiti.

Nauli kwanza, maana hapo ndipo watu wanapoogopa. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa kusafiri bure na watoto wawili walio chini ya miaka 12. Mgeni anayekaa siku kadhaa aulizie City Pass Large, inamfikisha Helsingør na Roskilde pia. Makumbusho mengi hayawatozi walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo kinachobaki ni tiketi za wazazi na tumbo, na tumbo unalimaliza nyumbani: chapati zikunjwe na mayai, sambusa, matunda, chai kwenye chupa. Maji ya bomba hapa yanakunywika popote, usinunue ya chupa.

Nianze na Klampenborg. Ukishuka tu, hatua chache unaona lango jekundu. Hapo inaanzia Dyrehaven, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ambao wafalme waliutenga kwa ajili ya kuwinda, na tangu 2015 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ndani mna ayala kama 2,000, wale wanyama wa pembe za matawi, wanatembea watakavyo. Msikimbilie picha. Tandikeni mkeka pembeni ya uwanda ulio mbele ya Eremitagen, kile kijumba cha kifalme cha 1736, mkae. Baada ya muda kundi linatoka msituni. Mtoto akikohoa, vichwa vyote vinainuka kwa pamoja, masikio yamesimama, halafu wanarudi kula kama hakuna kitu. Wanangu, ambao nyumbani hawatulii hata wakati wa kula, pale walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Angalizo moja: Septemba na Oktoba ni msimu wa madume kupigania majike, wananguruma na hawana mchezo. Kaeni mbali nao.

Ndani ya msitu huohuo kuna Bakken, bustani ya michezo inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote duniani, tangu 1583 watu walipoanza kufuata maji ya chemchemi pale. Kuingia ni bure, unalipia michezo. Ile reli yao ya mbao ya kupanda na kushuka ni ya 1932. Kubalianeni idadi ya michezo kabla hamjavuka geti, maana ukifika ndani mtoto ndiye anayepanga bei. Ng'ambo ya pili ya kituo kuna ufukwe wa Bellevue, mchanga na maji ya kina kifupi, siku ya jua mnamalizia hapo.

Helsingør nitaiandika chini, hii imeshakuwa ndefu. Wenye uzoefu ongezeni.

KakaNgara

Asante sana dada, uzi umekuja wakati wake. Mama yangu mzazi anakuja kwa mara ya kwanza kutoka Ngara, magoti yake hayako sawa, na nina mtoto wa kwenye kigari. Msitu wa hekta elfu moja si nitamtesa mama?

BintiMwambao

Kaka, wala usimnyime. Pale nje ya kituo cha Klampenborg huwa kuna magari ya farasi yanayopeleka watu Bakken na Eremitagen. Siyo rahisi sana kwa bei, mpatane kabla ya kupanda, lakini kwa bibi na mjukuu kukaa pamoja nyuma ya farasi wawili inalipa. Njia kuu ndani ya msitu ni pana na ngumu, kigari kinapita vizuri. Na kwa kigari chagua treni ya S-tog, mstari C, unaishia hapohapo Klampenborg. Mabehewa yake yana sehemu ya wazi ya kuegesha vigari na baiskeli, na baiskeli hailipiwi humo.

Kwa mama ningeongeza Rungsted Kyst. Kutoka kituoni ni mwendo wa kama robo saa, tena taratibu, hadi Rungstedlund, nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Kidenmaki aliyewahi kulima kahawa Kenya. Tangu 1991 ni makumbusho. Bustani yake ni bure, ya tambarare, ina mabwawa na madaraja madogo, na nyuma yake kuna msitu ambao ni hifadhi ya ndege. Blixen mwenyewe alikaa redioni mwaka 1958 akamwomba kila msikilizaji atume krone moja ili eneo lile lihifadhiwe, na zaidi ya watu 80,000 wakatuma. Kaburi lake liko hukohuko, chini ya mti mkubwa, bamba la jiwe tu lililolala chini. Watoto wanakimbia, wazee wanakaa kwenye mabenchi wanasikiliza ndege.

MwanaKiambu

Hapo kwa Blixen naomba tuongee kidogo, mwenye uzi. Mimi nimekulia karibu na Nairobi, kule Karen nimepita mara nyingi. Huyu mama alikuwa setla. Ekari alizolimia kahawa chini ya Ngong zilikuwa na wenyewe kabla yake, na waliobaki pale wakaitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Sasa niwatoe watoto wangu Copenhagen niwapeleke wakamwone shujaa? Hapana, mimi naona tuwapeleke kwingine.

BintiMwambao

Ndugu yangu wa Kiambu, unachosema ni kweli, na ndiyo sababu nawapeleka. Hawa watoto wanasoma shule za huku. Habari za Blixen watazisikia tu, shuleni au kwa wenzao, wakiambiwa Afrika ilikuwa mandhari nzuri yenye simba. Mimi nataka wazisikie wakiwa na mimi pembeni.

Ndani ya nyumba kuna chumba chenye mikuki na ngao alizotoka nazo Kenya, na kuna picha alizochora mwenyewe, nyuso za Wakikuyu na Wasomali. Mwanangu wa kwanza alisimama mbele ya picha mojawapo akauliza: huyu jina lake nani, na yeye alirudi nyumbani kwake? Tukakaa kwenye benchi nikamweleza. Kwamba mama huyu alikaa Kenya kuanzia 1914 hadi 1931, kwamba shamba lilikuwa juu mno kwa kahawa, bei ikaanguka, likauzwa, na kwamba wale waliokuwa wakiishi kwenye lile shamba hawakuulizwa wanataka nini. Somo hilo sikulipata shuleni, na huku hakuna mwalimu atakayelianza kwa niaba yangu.

Anayeona bado hajawa tayari kwa mazungumzo hayo, abaki bustanini na ndege, ni matembezi matamu kabisa.

MwanaKiambu

Hapo nimekuelewa. Ile nyumba ya Karen serikali ya Denmark iliinunua ikaikabidhi Kenya kipindi cha uhuru, na ni makumbusho tangu 1986. Wangu wameshaiona wakiwa likizo kwa cucu, bibi yao. Basi nitawaonyesha na hii, waweke mbili pamoja. Na nitawaambia jina la kijiji cha cucu lilikuwepo kabla ya jina la Karen.

FundiMashuaLamu

Salaam aleikum jamaa. Naona mmeganda kwenye reli ya kaskazini, na Roskilde mmeiachia nani? Iko magharibi, treni chini ya nusu saa, zipo kila mara.

Mimi ni mtoto wa fundi wa majahazi, kwa hiyo Makumbusho ya Meli za Vikingi nilikwenda kwa shauku yangu mwenyewe, watoto wakawa kisingizio. Mwaka kama 1070 hivi watu wa Roskilde walijaza mawe meli kuukuu, wakazizamisha makusudi kwenye mkondo wa Skuldelev ili adui asifike mjini kwa maji. Zikalala huko mpaka 1962, wataalamu wakazungushia ukuta wa chuma, wakapiga pampu maji yote, wakaokota vipande kwa maelfu. Ni meli tano. Ile ndefu ina kama mita 30, na mbao zake zilipopimwa zikaonekana zimekatwa maeneo ya Dublin mwaka 1042. Wakatengeneza mfano wake wa ukubwa uleule, na mwaka 2007 wakaupeleka kwa tanga na makasia mpaka Dublin, wakarudi mwaka uliofuata. Huo mfano mtaukuta umefungwa pale bandarini.

Lakini kwa watoto raha yenyewe ni karakana iliyo nje. Mafundi wanachonga mbao mbele yenu, na hawapasui kwa msumeno: gogo la mwaloni linapigwa kabari mpaka linafunguka kwa kufuata mishipa yake, halafu kila kipande kinasawazishwa kwa shoka. Nilisimama pale nikanusa lami na mbao mbichi, nikasema hii ndiyo harufu ya Matondoni, kule kwetu Lamu wanakounda majahazi. Mbao wanazipandishia moja juu ya nyingine na kuzibana kwa misumari ya chuma, ilhali wazee wetu mtepe, ile mashua yetu ya kale, waliushona kwa kamba ya nazi, hakuna msumari hata mmoja. Fundi mmoja nilipomweleza aliacha kazi, akaniomba nimchoree. Tukachorana kwenye kipande cha ubao, lugha tukiokoteza, na mwanangu akawa anashika penseli.

Kiangazi wanatoa watu majini kwa mashua za kale, abiria ndio mnaopiga makasia. Watoto wanavaa jaketi la kuokolea. Tazameni tovuti yao kabla ya kwenda mjue siku hiyo kuna shughuli gani, na mvae nguo msizozionea huruma.

Kanisa kuu la Roskilde liko njiani mkitoka kituoni, la matofali mekundu, wamezikwa humo wafalme na malkia karibu 40. Wangu walitosheka haraka, lakini mkubwa anayependa historia ataling'ang'ania.

AbuSwafiya

Wa alaykum salaam. Mashallah, maelezo yameshiba. Swali la chakula: tukiwa nje huko na watoto wanalia njaa, vibanda vya soseji vinaaminika? Na sala mnafanyaje?

ShangaziVoi

Abu, soseji nyingi za vibandani ni za nguruwe. Kwenye pakiti au menyu tafuta svinekød, ukiliona hilo achana nayo. Zingine ni za kuku au ng'ombe, lakini kuchinjwa kihalali ni habari nyingine, kwa hiyo sisi nje tunakula samaki au chakula chetu. Mimi hubeba wali wa kukaanga kwenye chombo cha moto, unakaa mpaka mchana. Hakuna anayekutazama vibaya ukifungua vyombo vyako, Wadenmaki wenyewe kila mmoja ana madpakke yake.

Kuchoma nyama inawezekana, misitu mingi ina sehemu zilizotengwa za moto. Ila kiangazi kikikauka wanapiga marufuku kuwasha moto nje, kwa hiyo uliza kwanza.

Sala, msituni nafasi ni tele. Mume wangu hubeba mkeka mdogo na dira ya simu. Kumbukeni tu Juni jua huzama karibu saa nne usiku, magharibi inachelewa sana, watoto watakuwa wameshalala kwenye treni.

BintiMwambao

Niliahidi Helsingør.

Ngome ya Kronborg imejengwa pale ambapo bahari kati ya Denmark na Sweden inabana na kubaki kilomita nne hivi, Sweden unaiona kwa macho matupu. Tangu miaka ya 1420 mpaka 1857 mfalme wa Denmark alikuwa akitoza ushuru kila meli iliyopita hapo. Watoto wakubwa waelezeni hilo mkiwa juu ya boma la nje, mizinga imeelekezwa majini, wataelewa mara moja bila kitabu. Kutembea kuzunguka ngome kwa nje hakulipiwi, na kwa familia yenye watoto wadogo kunatosha kabisa.

Mkilipia ndani, watu wazima wengi wanafuata habari za Hamlet wa Shakespeare. Watoto wanafuata mahandaki. Yako chini kabisa ya ngome, giza, baridi hata Julai, sakafu ina mabonde. Humo amekaa Holger Danske, sanamu kubwa ya shujaa wa hadithi zao, amelala kitini, mikono kifuani, upanga mapajani, ndevu zimemwagika. Wanasema nchi ikivamiwa ataamka. Bebeni tochi na sweta. Kigari cha mtoto kibaki juu, na mtoto anayeogopa giza msimlazimishe.

Palepale kwenye gati ya zamani ya kutengenezea meli kuna makumbusho ya bahari, M/S Museet for Søfart, ya mwaka 2013, yamechimbwa chini ya ardhi kuizunguka gati yenyewe. Ni jengo la kupendeza, ila ngome na makumbusho kwa siku moja ni nyingi mno.

Bora muda huo mpande feri ya Helsingborg. Dakika 20 mpo Sweden, mnakula aiskrimu, mnarudi. Kwa mtoto, kwenda nchi nyingine kwa meli na kurudi kabla ya chakula cha jioni ni jambo la kusimulia darasani.

DerevaWaLori

Hapo kwenye Sweden niweke msisitizo. Pasipoti bebeni, na kadi ya ukaazi kwa wanaoishi huku. Viza ya Schengen inafaa pande zote mbili, lakini ukaguzi upo, hasa treni inayovuka daraja la Øresund kwenda Malmö. Mgeni akiacha pasipoti nyumbani mmeshaharibu siku. Nimewaona watu wakishushwa na watoto wao, inauma.

Kwa wenye gari: Møns Klint. Ni kama kilomita 130 kusini. Majabali meupe ya chaki yanainuka mpaka mita 128 juu ya bahari, chini maji ya kijani. Chaki ile ni mabaki ya viumbe wa baharini wa kama miaka milioni 70 iliyopita, na ufukweni watoto wanaokota visukuku kwa mikono, vile vya mfano wa risasi ndivyo vingi. Shida ni ngazi, karibu 500 kushuka na zilezile kupanda. Mtoto wa miaka minne atashuka akiimba na kupanda akiwa mgongoni kwako. Msisogee chini ya sehemu zilizomeguka, hasa baada ya mvua. Kwa treni na basi inawezekana, ila kwa familia sipendekezi, siku nzima inaishia njiani.

MamaPacha

Asanteni wote. Mimi niko Ishøj na pacha wa miaka mitano, mfuko hauruhusu hata tiketi ya ngome mwezi huu. Kuna cha bure kabisa kweli, au ndio msitu tu?

ShangaziVoi

Mama Pacha, umekaa juu ya hazina. Msanii Thomas Dambo mwaka 2016 alijenga majitu sita ya mbao chakavu, akayaficha kwenye vitongoji vya magharibi, huko huko kwenu. Moja liko Ishøj, limejikunja chini ya daraja. Lingine Rødovre limelala, mdomo wazi, na watoto wanatambaa mpaka ndani ya mdomo. Kuna ramani mtandaoni, na kwenye kila jitu kuna jiwe lenye shairi linalodokeza lilipo jingine. Ni bure saa zote. Pacha wako wape wao ramani waongoze, wewe fuata nyuma na maandazi.

Na Frilandsmuseet kule Lyngby ni bure kwa watoto, unalipia wewe tu: nyumba za mashambani zaidi ya 50 zimehamishwa kutoka kila pembe ya nchi, zina kuku, mbuzi na farasi. Hufungwa majira ya baridi.

KakaNgara

Nimeshawishika. Swali la mwisho kwa mwenye uzi: Jumamosi nina mama, mke, mtoto wa kwenye kigari na binti wa miaka tisa anayependa kuchora. Wewe ungeshuka wapi?

BintiMwambao

Humlebæk, kaka. Sikuitaja mapema nilikuwa naihifadhi kwa swali kama hili. Louisiana, makumbusho ya sanaa ya tangu 1958, mwendo wa kama robo saa kutoka kituoni. Binti yako halipi, na kuna jengo la watoto la ghorofa tatu ambamo rangi, udongo na karatasi vinatolewa, anatengeneza chake na kuondoka nacho. Kuna chumba cha vioo cha Yayoi Kusama chenye taa zinazoning'inia, mnaingia wachache wachache, nendeni huko mapema kabla foleni haijajaa. Nje kuna nyasi zinazoteremka mpaka usawa wa bahari, na sanamu kubwa katikati. Mama akae juu kwenye benchi, asishuke mteremko.

Vaeni vizuri, upepo wa pale si wa mchezo hata jua likiwaka. Jumatatu huwa wamefunga, lakini wewe ni Jumamosi. Ijumaa usiku fungua Rejseplanen, ile ratiba ya usafiri ya mtandaoni, wikiendi za kiangazi reli hufanyiwa matengenezo na sehemu ya safari huwekwa mabasi. Ukikuta mabasi, na kigari na magoti ya mama, usijitese: badilisha uende Klampenborg kwa mstari C, na Louisiana mwende siku nyingine. Tuambie mlivyofika.